Msumari nyuma ya mlango: namna ninavyosaka chanzo cha kasoro kwenye stika za magari na mabango

Nyuma ya mlango wa karakana yangu kuna msumari mmoja mrefu. Kazi ikiharibika, kipande chake hutundikwa pale: herufi iliyojikunja, picha yenye mistari, kona ya stika iliyong'oka na rangi ya gari. Mgongoni mwa kila kipande nimeandika tarehe, aina ya stika, na maneno mawili matatu ya chanzo. Kijana ninayefanya naye kazi alianza kwa kuucheka. Siku hizi mteja akija na malalamiko, yeye ndiye hutangulia kwenye msumari kabla hajashika chombo.

Vile vipande vimenifundisha kwamba kasoro huonekana mahali na huzaliwa pengine. Kona inayonyanyuka mwezi wa tatu ilianza asubuhi ile gari lilipooshwa. Herufi inayogoma kutoka kwenye karatasi yake ilianza kwenye kisu. Ukiitibu pale inapoonekana itatulia wiki moja, kisha itarudi, na safari hii mteja atakuja amenuna. Kwa hiyo nitaeleza ninavyorudi nyuma hatua kwa hatua hadi nikipate chanzo. Nitakaa sana kwenye kubandika, kwa kuwa huko ndiko nilikoharibu mali nyingi zaidi.

Soma gundi kwanza

Mbele ya kona iliyonyanyuka, mkono wa fundi hutaka kukimbilia hita ya kupuliza: pasha, sugua, maliza. Uzuie. Ukishapasha joto umefuta ushahidi. Shika ile kona, ibandue sentimita mbili zaidi, igeuze, utazame gundi iko wapi na ina hali gani.

Ikiwa gundi yote imekuja na stika lakini haina mnato, ina vumbi la kijivu au inateleza kidoleni, bodi haikuwa safi. Ikiwa ni laini kupita kiasi na inavutika kama ulimbo, hasa chini ya sehemu zenye rangi nzito, wino ulifunikwa kabla haujakauka. Ikiwa kuna ukanda mwembamba wa gundi uliobaki wazi kuzunguka herufi, umenasa uchafu na kuwa mweusi kama wanja, stika imenywea. Ikiwa gundi ni nzima na bodi ni safi, ila stika imeachia kwenye bonde la bati tu, ilivutwa kwa nguvu wakati wa kubandika na haikupashwa vya kutosha baadaye. Na ukikuta rangi ya gari imeshikamana mgongoni mwa stika, usijilaumu kwa kubandika. Gundi yako ilifanya kazi yake. Rangi ndiyo haikushika bati. Hata hivyo ulipaswa kuuliza kama gari lilipigwa rangi upya, na hilo nitalirudia.

Bodi chafu

Mimi huosha gari kwa sabuni na maji siku moja kabla, ili maji yaliyojificha kwenye mipira ya milango na chini ya vishikio yapate muda wa kukauka. Ukibandika karibu na mpira wenye maji, tone moja litajitokeza wakati unapitisha skwiji, kile kibao cha kusugulia stika, na kuingia chini ya stika. Siku ya kazi naondoa mafuta, kisha namalizia kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70. Vitambaa viwili: cha kwanza kina spiriti, cha pili ni kikavu na kinafuata papo hapo kabla spiriti haijapaa. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu uliokuwa umeyeyuka hubaki palepale ulipokuwa, umesambazwa tu vizuri zaidi.

Kipimo changu ni maji. Nanyunyiza kidogo kwenye bodi. Yakitandaa kama shuka, niko salama. Yakijikusanya matone matone kama umande kwenye jani la gimbi, kuna nta au silikoni, na narudia kuosha. Hapa kuna kipande kwenye msumari kilichonigharimu mlango mzima wa gari la mizigo. Nilimwambia mteja alete gari likiwa safi. Naye, mtu mwema, akalipeleka kuoshwa na kuomba ling'arishwe kabisa! Liliwaka kama kioo, na ndani ya siku tisa kila ukingo ulikuwa umefunguka. Tangu hapo nasema hivi, neno kwa neno: "Lioshwe tu, lisipakwe chochote cha kung'arisha, wala matairi." Matairi kwa sababu dawa ya kuyang'arisha hurushwa na upepo na kutua sehemu ya chini ya bodi, palepale stika nyingi zinapoanza kuachia.

Kona za milango, ukingo wa chini na nyuma ya kishikio ni mahali ambapo kitambaa kilichokunjwa mkononi hakifiki. Kizungushie kwenye skwiji, ncha yake itafika.

Wino mbichi

Wino wa solventi una kimiminika ambacho lazima kitoke. Ukiifunika picha kwa laminesheni, ile stika angavu ya kuilinda, saa moja baada ya kuichapa, kimiminika kile hakina pa kwenda juu, basi kinashuka kwenye gundi na kuilainisha. Mimi nasubiri saa 24, na kwa picha yenye nyeusi nyingi au nyekundu iliyokolea sioni haya kuongeza siku. Kusubiri nako kuna namna yake. Roli iliyokazwa haikauki. Ni kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Naifungua na kuitundika, au naisimamisha wima ikiwa imelegezwa ili hewa ipite kati ya mikunjo.

Je, imekauka? Inuse. Ukisikia harufu kali bado, rudi kesho. Mteja akisema anaihitaji leo jioni, namweleza kwamba naweza kumpa leo au naweza kumpa idumu. Wengi huchagua kesho. Asiyechagua, namkatia herufi kutoka kwenye stika ya rangi isiyohitaji wino kabisa, na mara nyingi kazi hutoka nzuri kuliko ile picha aliyokuwa akiitaka.

Stika iliyonywea

Kuna stika za namna mbili, na tofauti yao imo kwenye namna zinavyotengenezwa. Ya kwanza hukandamizwa kwenye rola za moto hadi iwe bapa, kama mtu anavyotandaza unga uliokandwa. Plastiki iliyolazimishwa kunyooka hukumbuka ilikotoka, na ikipata jua hujirudi. Ya pili humiminwa ikiwa majimaji juu ya karatasi maalumu na kuokwa. Haikuvutwa na mtu, kwa hiyo haina cha kukumbuka. Hiyo ya kumiminwa ni nyembamba, takriban mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali ya kukandamizwa kwa kawaida ni mikroni 70 hadi 80 au zaidi. Ukizishika zote mbili kwa macho yaliyofumbwa utazijua: moja inakaa kama karatasi ya daftari, nyingine inaanguka kama hariri.

Ya kukandamizwa si mbaya. Kwenye bango bapa, kioo, au ubavu wa lori usio na mabonde, sioni sababu ya kumlipisha mtu zaidi. Ila ukiipeleka kwenye bampa au bonde, umejitakia. Usikubali kumchanganyia mteja: stika ya kumiminwa chini na laminesheni ya kukandamizwa juu. Ile ya juu itanywea na kuivuta ya chini, na kingo zitajikunja zikielekea juu.

Mabonde na ribiti

Kijana wangu alikuwa na tabia ya kuisukuma stika kwenye bonde kwa kidole gumba mpaka ikae, kisha ananiita: "Dada, imeingia!" Ndiyo, imeingia, lakini imekaa kama mpira uliovutwa. Kesho yake ilikuwa imesimama juu ya bonde kama ngozi ya ngoma.

Fanya hivi. Bandika sehemu zote zilizo juu kwanza, stika ikivuka bonde hewani. Pasha ile sehemu iliyo hewani hadi ilegee na kupoteza mikunjo, kisha ishushe kwa kidole chenye glavu, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Iache ipoe. Halafu inakuja hatua ambayo watu huiruka: rudi na hita upashe bonde lote mpaka stika ifike nyuzi 90 na kitu za Selsiasi. Joto hilo ndilo linalovunja kumbukumbu ya mvuto. Usikisie kwa mkono. Nunua kipimajoto cha kulenga kwa mwali, kile kisichogusa, na upime sentimita baada ya sentimita. Wakati nikikisia nilidhani nafikia 90. Nilipopima mara ya kwanza nilikuta 60. Soma pia karatasi ya mtengenezaji wa stika yako, maana kila moja ina kiwango chake.

Bonde likiwa refu na lenye kina kuliko stika inavyoweza kuvumilia, kata. Mkato mmoja safi ndani ya bonde, na kiraka chembamba cha rangi ileile, havionekani kwa mtu anayepita. Stika iliyoachia inaonekana na kila mtu.

Kwenye ribiti, vile vichwa vya pini zinazounga mabati, toboa hewa kwa sindano pembeni ya kichwa, pasha, kisha zungusha brashi ngumu juu yake. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Vipande vinapokutana, anza nyuma ya gari ukija mbele, ili kipande cha mbele kilalie cha nyuma kama magamba ya samaki na upepo usipate pa kuingilia. Kwa juu na chini, fuata mantiki ya paa: cha juu kilalie cha chini, maji yateremke. Sentimita moja hadi mbili ya kulaliana inatosha.

Rangi mpya, na plastiki isiyoshika

Rangi iliyopigwa karibuni bado inapumua, na pumzi yake huwa viputo chini ya stika. Nikiwa na shaka nabandika kipande cha mraba cha sentimita kumi mahali pasipoonekana na kukiacha hadi kesho. Kikitoa viputo, gari linarudi kwa mwenyewe likapumue zaidi. Kisha nakibandua kwa mkupuo mmoja; kikitoka na rangi, mteja anaonyeshwa kabla hatujaanza, si baada.

Bampa na vipande vyeusi vyenye vinyweleo, visivyopakwa rangi, hutengenezwa kwa plastiki ambayo gundi nyingi huikataa. Mchoro wangu huishia kabla havijaanza. Nimejaribu kupasha, nimejaribu kusugua kwa msasa, na ushahidi wa majaribio hayo unaning'inia nyuma ya mlango.

Kiputo au chembe?

Baada ya kumaliza, bonyeza kila kinundu kwa ukucha. Kikizama na kurudi, ni hewa: kitoboe kwa sindano ukingoni, si katikati, na usukume kuelekea kwenye tundu. Vile vidogo kama punje ya mtama viache. Jua la siku chache huvimaliza. Kisipozama ni chembe ya mchanga, nayo haiondoki kamwe. Hapo uamuzi ni wako. Mimi hurudi hatua tatu nyuma, nisipoiona, naiacha.

Na kama stika yako ina vijia vidogo vya hewa kwenye gundi, usitumie maji ya sabuni. Maji yatanaswa ndani ya vijia na hayatapata pa kutokea. Maji ni ya stika za kawaida kwenye bango au kioo: matone machache tu ya sabuni kwa lita, yakizidi gundi inachelewa kushika na tepu ya kuhamishia, ile inayobeba herufi kutoka kwenye karatasi yake, inaondoka nazo.

Mashine ya kukatia

Herufi zikigoma kung'oka, wengi huongeza nguvu ya kisu. Wakiongeza, kisu kinapasua hadi karatasi ya nyuma, na sasa wana matatizo mawili. Kwanza tazama kasoro imekaa wapi. Ikiwa ni kila mahali, kisu ni butu au ncha imekatika. Ikiwa ni mahali palepale kwa upana, tuseme sentimita 30 kutoka kushoto kila mara, angalia ukanda laini ulio chini ya kisu. Umechimbika, na kisu kinazama shimoni badala ya kukata. Badilisha ukanda. Na ikiwa mwanzo ni sawa lakini baada ya mita mbili mistari haikutani, roli iliingizwa imepinda. Vuta urefu wote unaohitaji kwanza, uupitishe mbele na kurudi bila kukata, uone kama ukingo unahama.

Kipimo cha nguvu ni hiki: kata mraba na pembetatu, zing'oe, upitishe kalamu ya wino juu ya karatasi ya nyuma, pale zilipokuwa. Kisu kizuri kimeacha alama unayoihisi kwa ukucha bila kupenya. Kona zikiwa za mviringo, kiwango cha kuyumba kwa kisu ulichoweka kwenye mashine, yaani umbali wa ncha kutoka katikati ya kisu, ni kidogo mno. Zikiwa na vimkia vinavyochomoza, ni kikubwa. Visu vingi vya nyuzi 45 hutaka milimita 0.25.

Alama za usajili, zile zinazochapwa kandokando ya picha ili mashine ijue pa kukata, zisiposomwa juu ya laminesheni inayong'aa, mwanga unarudishwa vibaya machoni pa mashine. Bandika kipande cha selotepu isiyong'aa juu ya kila alama. Hiyo tu.

Mistari kwenye picha

Chapa kipimo cha nozeli, vile vitundu vya kutolea wino kwenye kichwa cha printa, kila asubuhi, hata kama huna kazi. Mistari ikiwa ya rangi moja, nozeli zimeziba, safisha. Ikiwa ni ya rangi zote na imeachana kwa umbali sawa, kichwa hakina kosa. Ni hatua ya kusukuma karatasi inayotaka kurekebishwa. Kusafisha kichwa mara tano kwa kosa la hatua ni kumwaga wino chooni.

Makosa yanayozaliwa kwenye kompyuta

Haya hayana dawa baada ya kubandika. Michoro ya magari inayouzwa tayari mara nyingi ni ya gari linalofanana na lile lililo mbele yako, si lenyewe. Pima mwenyewe: tepu ya kupimia ionekane kwenye picha, kifuniko cha mafuta, vishikio, taa, reli ya mlango. Kisha fungua milango.

Niliandika HUDUMA BORA ubavuni mwa basi dogo, kwenye bati la nyuma ya mlango wa kusukuma. Lilipendeza mpaka dereva alipoegesha na kuuacha mlango nusu wazi. Mlango ukazifunika herufi mbili za mwanzo, na gari likatangaza DUMA BORA kwa kila aliyepita. Mwenye gari alicheka, bahati yangu. Jambo la kukumbuka ni kwamba hilo hutokea upande wa kushoto, ambako maandishi huanzia mbele ya gari. Upande wa kulia mlango uleule ukirudi nyuma hufunika mwisho wa neno, kwa hiyo kagua kila upande peke yake.

Ukubwa wa herufi: sentimita mbili na nusu kwa kila mita tatu za umbali ndipo mtu anasoma bila kukaza macho. Mteja anayetaka huduma kumi na mbili ziorodheshwe kwenye mlango, mchapie karatasi kwa ukubwa halisi, ibandike ukutani, mpeleke mita kumi na tano. Hutahitaji kubishana naye.

Namba ya simu, ipige. Usiilinganishe kwa macho. Chukua simu yako, soma namba kutoka kwenye mchoro wa mwisho, piga, na yule mteja aliyesimama mbele yako asikie simu yake ikilia. Na maandishi ya kubandikwa ndani ya kioo, yageuze kabla ya kukata. Kipande kikubwa kuliko vyote kwenye msumari wangu ni dirisha zima nililosahau kuligeuza.

Bango la akriliki linalopasuka kwenye skrubu

Akriliki, ile plastiki ngumu mfano wa kioo, hutanuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bango la mita mbili likipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua limeongezeka zaidi ya milimita tano. Ukilifunga kwa skrubu zilizobana kwenye matundu yaleyale, litapasukia tunduni. Toboa matundu mapana kuliko skrubu, tumia washa (kile kipete bapa cha chini ya kichwa cha skrubu), kaza mpaka ishike kisha legeza kidogo.

Kubandua ya zamani

Pasha hadi kama nyuzi 60, anza kwenye kona, vuta polepole. Gundi ikibaki kwenye bodi, badilisha joto kabla hujabadilisha nguvu: mara nyingi umepasha mno. Masalia yaondoe kwa dawa ya gundi iliyojaribiwa kwanza mahali pa kificho, na usipeleke thina kwenye plastiki.

Kabla ya kugusa herufi hata moja, ipige picha na upime ilipo. Chini yake rangi haikuwahi kuona jua, na jina la biashara ya zamani litabaki likisomeka kwenye bodi kama kivuli. Kulipiga polishi husaidia kiasi, si mara zote. Kwa vipimo vile unaweza kupanga mchoro mpya uangukie juu ya kivuli. Bila vipimo utakuwa umesimama mbele ya gari tupu na rula, ukijaribu kukumbuka ukingo wa chini wa herufi ulikuwa wapi.